Nyekundu ya Baba, Nyeusi ya Mama

Juzi binti yangu alikuwa anakatakata vitunguu jikoni kwangu, simu yake ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, inapiga muziki. Mimi nilikuwa nachagua mchele, nawaza mambo yangu. Mara gitaa likalia. Lile gitaa! Nikabaki nimeshika ungo, mikono haifanyi kazi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na wa tatu ulipokwisha masikio yangu yakajiweka tayari kwa Wimbo wa Mbwa. Haukuja. Ukaja mwingine kabisa.

"Wamekosea," nikasema.

"Nani, mama?"

"Hao. Hapo alitakiwa aje mbwa."

Akacheka, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kunielimisha. Hizo ni nyimbo bora za bendi hiyo ya Wazungu, zimekusanywa pamoja, na mkusanyo wenyewe una matoleo chungu nzima: la mwanzo, la miaka ya baadaye, la nchi hii na la nchi ile, lililosafishwa sauti, lililoongezwa nyimbo. Hilo la kwenye simu ndilo jipya, na ndiyo maana mpangilio umebadilika. Nikamwambia asinibabaishe, matoleo ni mawili tu duniani, Nyekundu na Nyeusi, na mimi nililelewa katikati yake. Akaniangalia vile watoto wa siku hizi wanavyotuangalia tukianza mambo yetu. Basi nikaacha. Lakini mchele ule niliuchagua vibaya, siku hiyo tulitafuna mawe.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Mnakumbuka mashine za santuri zile za kubeba, kasanduku kenye mfuniko, na mfuniko wenyewe ndio spika? Ya kwetu ilikuwa ya kijivu, inakaa juu ya sanduku la bati chumbani kwa wazazi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikula mawe ya redio, ndivyo tulivyoita betri, na mawe enzi zile yalikuwa adimu kama sukari na sabuni. Yakichoka, Baba aliyapanga juu ya bati la jiko yaote jua. Jua la Shinyanga linafufua hata wafu, alikuwa anasema. Yakishapata joto tuliyarudisha haraka, na mwimbaji aliyekuwa akiburuza maneno kama mlevi akaamka, akaimba wima mpaka joto likatika, akaanza tena kusinzia. Mimi nilidhani wimbo ndio ulivyo. Nilikuja kushangaa ukubwani kusikia watu wakiuimba bila kulala katikati.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kambarage, vyumba viwili na ua. Baba alikuwa dereva wa lori la pamba. Msimu wa pamba alirudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio, na Mama alimpokea kwa kumwambia, "Shikamoo mzee," naye akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," na sisi watoto tukaanguka kwa kicheko kila siku kana kwamba hatujawahi kukisikia kichekesho hicho. Watoto tulikuwa wawili, mimi Kabula na mdogo wangu Masanja.

Nyekundu ilikuwa ya Baba. Aliinunua Mwanza kwenye duka la Mhindi kabla hajaoa, na ilichapwa Nairobi. Jalada lake lilikuwa jembamba, kona zimeliwa na mende, na kwa kuwa lilizunguka miaka kwenye lori lilinuka dizeli. Nyeusi ilikuwa ya Mama. Mjomba, kaka yake, alikuwa mpishi wa mapadri kule Ushirombo, na padri mmoja kijana alipohamishwa alimwachia sufuria mbili, viatu vya mvua, na santuri hiyo. Mjomba akampa Mama siku ya harusi. Iliyochapwa Ulaya hiyo! Jalada nene, linafunguka kama kitabu cha misa, lanukia vidonge vya nondo. Tena ilitoka baadaye, kwa hiyo mwishoni iliongezwa wimbo mmoja wa polepole ambao Nyekundu haikuwa nao. Mama hakukosa kulikumbusha hilo.

"Ya kwako haijakamilika," alimwambia Baba.

"Ya kwangu ndiyo ya kwanza. Ya kwako imeongezwa maji."

Kiingereza chetu kilikuwa cha Baba peke yake, tena cha barabarani. Nilipomwuliza mwimbaji anasema nini, alifumba macho, akasikiliza, akatafsiri. "Hapo anamwambia mkewe, ng'ombe wameshaingia zizini, njoo tufunge lango." Na Mama kule uani, bila kuacha kupuliza moto, alijibu kwa sauti, "Mwongo huyo! Anasema, mume wangu, kuni zimekwisha na wewe umelala." Nyimbo zenyewe tulizibatiza wenyewe. Kulikuwa na Wimbo wa Mbwa, maana gitaa lilibweka. Kulikuwa na Wimbo wa Garimoshi, ngoma zake zilikwenda kama treni ya Mwanza ikipita darajani, na katikati ya wimbo huo mwimbaji aliteleza akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetekenywa, kisha akaendelea. Na ule wa polepole ulikuwa Wimbo wa Mama. Ukifika huo, tafsiri za Baba zilikoma.

Sasa nisikilizeni nilivyoyaelewa mimi, na msinicheke.

Usukumani kila mcheza ngoma ana upande. Ama wewe ni Mgika, ama wewe ni Mgalu. Inasemekana ilianza na waganga wawili wa kale waliobishana nani ana dawa kali, wakaamua ngoma ziseme, na mpaka leo hazijamaliza kusema. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake, wanacheza wakati uleule, na hakuna refa. Watazamaji ndio refa. Ukiona huku kumenoga unabaki, ukisikia kule kumechachamaa unakimbilia kule, na upande uliobaki na uwanja mtupu umeshindwa. Na kuibiana nyimbo ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Wimbo wako nauimba mimi, kwa kejeli, mbele yako. Ukoo wa Baba ulikuwa Bagika. Ukoo wa Mama, Bagalu toka enzi na enzi.

Basi mimi ningeelewaje vingine? Santuri mbili, moja ya Baba na moja ya Mama. Kwenye Nyekundu jamaa watano wamenyolewa ndevu, wametabasamu. Kwenye Nyeusi jamaa watano wana ndevu, wamenuna. Sura zinafanana kidogo, lakini Bagika na Bagalu si ndugu vilevile? Wanaimba nyimbo karibu zilezile, kwa mpangilio tofauti, na wimbo mmoja wa Nyekundu kwenye Nyeusi haumo. Nikajua hapo wameshindwa kuuiba. Hata kile kicheko cha kwenye Garimoshi, niliamini yule wa Nyeusi anamwigiza yule wa Nyekundu, kumkebehi. Nilimchukia yule mwenye ndevu! Mimi nilikuwa Mgika wa Baba, damu na mfupa. Masanja alikuwa Mgalu kwa sababu alikuwa bado analala na Mama. Tulipigana mieleka uani kwa ajili ya Wazungu ambao hawakujua hata Shinyanga iko wapi.

Kisha lori likaharibika. Vipuri hakuna, likawekwa juu ya magogo pale kiwanda cha pamba, magurudumu yakaondoka moja moja, na Baba akawa anakwenda kazini kukaa kivulini mwa gari lake. Alipoteza utani. Chakula kikawa michembe asubuhi na michembe jioni, vile viazi vitamu vya kukausha, navyo vilikuwa vinakaribia kwisha. Wakati huohuo habari zikazagaa kwamba kule Bulyanhulu watu wanachimba dhahabu kwa sururu, kila mtu na shimo lake, wanaliita duara, na mtu aliyekwenda na kaptula anarudi na baiskeli. Asubuhi moja Baba akafunga kifurushi. Akaninyanyua juu kama zamani, ingawa nilishakuwa mzito, akasema, "Mvua za kwanza zikidondoka, niko hapa. Kabla hamjapanda."

Mvua za kwanza zikadondoka. Mama akapanda mahindi na karanga kishamba chetu cha nyuma ya reli, akapalilia, na kila lori lililopunguza mwendo mtaani alinyoosha mgongo. Mwanzoni salamu zilikuja kwa watu: yu mzima, anawasalimu. Baadaye hata salamu zikakatika.

Jumapili moja tulipotoka kanisani Mama akasema leo nyumba imenuna mno, tusikilize muziki. Akayatoa mawe juani, akafungua sanduku la bati kuchukua santuri yake. Nikamwona anatoa vitenge, anatoa shuka, anatoa koti la Baba la harusi. Anaanza upya, kitenge kimoja kimoja. Nyekundu ilikuwepo. Nyeusi haikuwepo. Tulihangaika mpaka chini ya kitanda. Mwisho akafunga sanduku, akalikalia.

Jirani yetu Mama Tatu, mwanamke wa Kigoma, mchangamfu, akaja kuona tumepatwa na nini. Mama akamwambia, "Ameondoka na ngoma."

"Ngoma gani? Santuri hiyo, Mama Kabula. Mtu kachukua kitu cha kujiliwaza. Mwingine angebeba redio."

"Nyie wa Kigoma hamjui," Mama akasema. "Ngoma haibebwi hivi hivi."

Ilikuwa kweli kwa watu wetu. Manju, yule anayetunga na kuongoza ngoma, akisafiri kwa shughuli zake za kawaida anaiacha ngoma kwa wenzake. Watu wakiiona inaning'inia mahali pake, wanajua atarudi. Lakini manju akiondoka na ngoma mgongoni, hakuna anayeuliza amekwenda wapi wala atarudi lini. Amekwenda kuanzisha kundi lake kwingine. Amehama. Wenzake hawamsubiri, wanatafuta manju mwingine. Mama alizaliwa na kulelewa kwenye ngoma, akayapima mambo ya ndoa yake kwa kipimo alichokuwa nacho: mume wangu ana nyumba nyingine.

Nami nilikuwa na uchungu wangu, nao kwangu ulikuwa mkubwa zaidi. Angechukua Nyekundu ningeelewa. Alichukua Nyeusi! "Mama," nikamwuliza, "Baba amekuwa Mgalu?" Mama akacheka, akacheka sana, mpaka nikaona machozi na nikajua sicho kile kicheko cha siku zote. Usiku ule niligeuza uso ukutani. Kila nilichokuwa ndani ya nyumba ile nilikuwa kwa ajili yake. Kama mwenyewe amevuka, mimi nilibaki upande wa nani?

Wiki iliyofuata akapita mchuuzi wa dagaa anayezunguka mpaka machimboni. Mama akamwuliza kama kuuliza bei, "Huko hujamwona dereva mmoja mrefu, Msukuma, anapenda masihara?"

"Mwenye santuri? Huyo hakosekani, mama. Kila Jumapili yuko kilabu cha Mama Ester. Wanashindana na kilabu cha ng'ambo. Yeye ndiye manju."

Mama akamlipa dagaa zake, akamshukuru, "Wabeja," akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mama Tatu alimsihi awaache watoto kwake. Mama akasema hapana, nataka awaone wote, asije akasema amesahau sura zetu.

Tukapanda basi mpaka Kahama, tukalala kwa ndugu wa mbali, asubuhi tukadandia lori lililobeba mapipa ya maji na magunia ya unga wa muhogo. Masanja alitapika njia nzima. Mama hakusema neno. Niliogopa sana kimya kile, maana Mama ni mtu aliyekuwa anagombana hata na moto wa jikoni. Ilikuwa Jumapili mchana tulipofika, na kabla ya kuona chochote nikasikia gitaa linabweka.

Machimbo yalikuwa vibanda vya majani na miti, na vumbi. Watu wote walikuwa rangi moja, kijivu, mpaka kope. Katikati palikuwa na uwanja, upande huu kilabu na upande ule kilabu, na mbele ya kila kilabu meza, na juu ya kila meza mashine ya santuri imefunguliwa mfuniko. Kumbe mchimbaji mmoja alikuja na Nyekundu, Baba akaja na Nyeusi, na wale vijana, wengi wao Wasukuma waliotoka kwao kabla ya mavuno, hawakuhitaji kufundishwa nini cha kufanya. Bagika huku, Bagalu kule. Njuga miguuni, wamejipaka majivu usoni, filimbi, na umati wa wachimbaji unakimbia huku na kule uwanjani kwa vishindo. Nyimbo za Wazungu zimechezwa sehemu nyingi, lakini nina hakika hakuna mahali zilichezwa vile.

Na pale, mbele ya Nyeusi, alikuwa Baba. Amekonda, mbavu zinahesabika, amefunga njuga mguu mmoja, anaongoza mstari. Alikuwa anacheza vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Umati mkubwa ulikuwa kwake, upande wa Nyekundu walibaki watu wachache wanaojikaza, na mtu wangu wa damu na mfupa alikuwa anawashinda Bagika. Masanja akaanza kutikisa mabega kwa furaha. Nikamfinya.

Mama akatushika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, akaingia uwanjani. Nilidhani anakwenda kwa Baba. Hakwenda. Akafika katikati, pale ambapo hakuna anayesimama kwa sababu pale si kwa mtu yeyote, akasimama. Watu walitupita wakikimbia, wakatusukuma, wengine wakapiga kelele, "Mama, chagua upande!" Akatazama mbele tu.

Sasa, mpangilio wa zile santuri nilishawaambia haukuwa mmoja. Kwenye Nyeusi, Garimoshi ni wimbo wa kufungia upande wa kwanza. Kwenye Nyekundu, ndio unaofungua upande wa pili. Upande wa Nyekundu walipoona wanaishiwa watu waliigeuza santuri yao haraka, wakaweka sindano, na wakati huohuo Nyeusi ilikuwa ndiyo imefika mwisho wa upande wake. Zikaanza zote mbili. Treni mbili, moja imetangulia kidogo, nyingine inaifuata kwa nyuma. Wachezaji wakakanyagana. Umati ukasimama, haujui ukimbilie wapi, maana huku ni kulekule. Kisha mwimbaji wa Nyeusi akacheka, kile kicheko chake kifupi, na kabla hakijatoka masikioni, upande wa pili, akacheka tena.

Mnaweza kuiba wimbo. Mnaweza kuiba hata sauti, nilishasikia watu wakiigizana. Lakini kicheko cha mtu aliyeteleza bahati mbaya, pumzi ileile, mkwaruzo uleule wa koo? Nikapiga kelele ambayo Mama hadi anakufa alikuwa ananikumbushia. "Mama! Ni walewale! Ni watu walewale!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa sauti ya mtoto mahali ambapo hakukuwa na watoto. Vichwa vikageuka, na cha Baba kikageuka.

Alisimama mguu mmoja hewani. Sisemi kwa kutia chumvi, mguu wenye njuga ulibaki juu. Kisha akaushusha taratibu na kuanza kuja. Wenzake wakamshika mkono, wakamwambia, manju, tunashinda, unakwenda wapi? Akajitoa. Walipoona anavuka nusu ya uwanja wakaanza kumzomea, "Amehama! Manju amehama!" na wale wa Nyekundu wakapiga vigelegele, maana upande usio na manju umeshakwisha. Yeye akaja vilevile, njuga inalia hatua kwa hatua, majivu usoni, mpaka akasimama mbele yetu. Mimi nilijificha nyuma ya gauni.

"Mama Kabula," akasema.

"Umehama?" Mama akamwuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baada.

"Nihamie wapi?"

"Umeondoka na ngoma, Baba Kabula. Mimi si mtoto. Najua maana yake."

Nikaona uso wa Baba unabadilika chini ya yale majivu. Naye alikuwa Msukuma, alielewa mara moja alichokuwa amefanya. Akajishika kichwa. "Loo! Mke wangu. Mimi nilichukua kitu chako. Nilitaka kuwa na kitu chako tu, basi. Nyekundu ninayo kichwani yote, hata mawe yakiisha naisikia. Huo wa kwako wa polepole ndio niliogopa kuusahau."

"Na salamu zako?"

"Ningesalimu na nini? Duara limetoa maji, tumehama, la pili limetoa maji. Nilisema mvua za kwanza. Zikaja sina kitu. Nikasema nipate angalau unga na viatu vya watoto. Ningerudi na nini, Mama Kabula? Na vumbi?"

Mama akalia palepale, mbele ya wachimbaji wote. "Ungerudi na miguu yako!" akamfokea. "Kwani mimi niliolewa na dhahabu? Mahindi nimepanda mwenyewe, nimepalilia mwenyewe, ni nani kakudai viatu?" Akampiga kifuani kwa kiganja, vumbi likapaa. Baba hakurudi nyuma.

Mama Ester mwenye kilabu alikuwa ameshafika, mwanamke mtu mzima, mnene, taulo begani. Nilimtazama kwa chuki yote niliyokuwa nayo. "Wewe ndiye mkewe?" akamwuliza Mama. "Ahsante Mungu. Mchukue! Huyu ananimalizia ugali wangu, na kila wimbo ule wa mwisho ukifika anakwenda nyuma ya jiko anakaa peke yake na kuku. Nimemwambia, baba nenda kwako. Hasikii."

Baba akainama mbele yangu. "Kabula. Hunisalimii?"

Nikamwambia, "Wewe ni Mgalu."

"Nani kasema?"

"Ulikuwa kule."

Akafikiri. Wallahi, alifikiri kwa dhati, hakunichekea, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Akasema, "Ulivyosema mwenyewe sasa hivi, ni walewale. Basi na mimi ni yuleyule." Nikamrukia shingoni, majivu yakanijaa mdomoni, na nikamwambia shikamoo huku nikilia, yeye anaitika marahaba, marahaba, marahaba.

Tulilala kwa Mama Ester, kwenye magunia. Asubuhi lori la mapipa lilikuwa linarudi Kahama tupu. Baba akaenda kuichukua santuri, na nilitegemea arudi nayo, lakini vijana wake walikuwa wamesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Hawakumkataza. Mmoja tu, kijana mdogo wa kutoka Mwakitolyo, alisema, "Manju, Jumapili tutafanyaje?" Baba akamtazama Mama. Haikuwa yake hiyo santuri.

Mama akalishika lile jalada jeusi, akalifungua kama kitabu cha misa, akawatazama wale jamaa wenye ndevu, akalifunga. Akampa yule kijana.

"Bakini nayo," akasema.

"Mama Kabula," Baba akasema, "ni ya harusi yako. Na ule wimbo..."

"Sikuja kufuata wimbo. Panda gari."

Alipanda. Hakuwa na kifurushi, alikuwa na shati alilovaa tu. Tukakaa sakafuni mwa lori kati ya mapipa matupu yanayogongana, Masanja mapajani kwake, mimi nimeshika kidole chake. Wanaume wengine walikuwemo, wachimbaji wanaokwenda likizo, wanazungumza kwa sauti. Enzi zile mume hakumgusa mkewe mbele za watu, hata mkono hakumshika. Lakini kabla hatujaenda mbali nilimwona Baba anaanza kuyumba, kichwa kinaanguka mbele, anajishtua, kinaanguka tena, kama mtu ambaye hajalala tangu alipoondoka nyumbani. Mwisho kikaangukia begani kwa Mama na kikabaki hapo. Wale wanaume wakacheka, mmoja akasema, "Mama, mwamshe mzee, anakuaibisha." Mama alivuta kanga yake akamfunika Baba kichwa, jua lisimpige, na akakaa hivyo bila kusogeza bega, mashimo yote ya barabara ile, mpaka Kahama.